Bei ya Mgodi Usiofunguliwa

Katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Mwakitolyo, Shinyanga Vijijini, kuna biashara isiyo na duka wala risiti. Mtu anauza mgao wa duara ambalo bado halijatoa kitu. Shimo limeshuka, matimba yamepangwa ukutani ili udongo usiporomoke, pampu inanyonya maji, na vijana walioko chini wanafuata mwamba unaosemekana kuelekea upande fulani. Mwenye duara kaishiwa. Hana hela ya mafuta ya pampu, hana ya baruti, na vijana wanataka kula. Ndipo anapotafutwa mwenye fedha. "Bosi, tumebakiza kidogo tu," anaambiwa. "Ukiweka leo, unaingia kwenye mgao." Bosi hashughuliki na shimo kwanza. Anaomba jiwe. Jiwe linapondwa kwenye kinu cha chuma mpaka liwe unga, unga unazungushwa na maji kwenye karai, na wote wanainama kutazama kama pembeni mwa tope jeusi utabaki mstari mwembamba wa njano.

Mstari ukionekana, maswali yenyewe ndiyo kwanza yanaanza. Jiwe limetoka duara hili au la jirani? Mwamba una upana wa kiganja au wa mlango? Leseni ni ya nani, na ana maandishi gani na mwenye duara? Waliotangulia kuweka fedha ni wangapi, na wanalipwa kabla yangu au baada yangu? Bosi anayeuliza yote haya huitwa bahili. Lakini maswali hayo ndiyo yanayoulizwa Toronto, Perth na London kabla mtu hajanunua hisa za kampuni inayomiliki ardhi yenye dhahabu ambayo hakuna aliyeichimba. Ukanda wa Geita na Shinyanga umekuwa ukiuzwa namna hiyo kwa vizazi kadhaa, na ukiwafuatilia waliopata na waliopoteza utakuta jambo la kushangaza: mara nyingi dhahabu ilikuwapo kweli. Kilichowaponza watu ni muda na karatasi.

Wajerumani walikuwa na habari za dhahabu ya Geita tangu mwishoni mwa karne ya 19, lakini mgodi wao wa maana ulikuwa Sekenke, Iramba, uliokuwa chini ya kampuni ya Kironda. Wenye hisa waliokaa Ujerumani walinunua matumaini ya mahali ambapo wengi wao wasingepakanyaga maishani. Mwaka 1914 vita vikakata njia ya fedha, ya vifaa na ya habari. Mwaka 1916, mjini Tabora, dhahabu ya Sekenke iligeuzwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zipatazo 16,000, ili utawala uliozingirwa uweze kulipa madeni yake. Leo wakusanyaji wa sarafu hugombea tembo wale minadani. Mwenye hisa wa Kironda aliyepiga hesabu za faida yake kabla ya vita hakuwa na safu ya kuandikia jambo kama hilo.

Somo kubwa zaidi lilikuja miaka ya 1930, na halikutokana na uvumbuzi wowote. Septemba 1931 Uingereza iliacha kufunga paundi yake kwenye dhahabu. Mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei rasmi ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Miamba ya Geita haikuongezeka hata gramu moja kwa sababu hiyo, ila mawe ambayo jana hayakulipa gharama ya kuyavunja, leo yakawa mali. Watafutaji wakamiminika. Upande wa Kenya, Kakamega ilifurika wazungu baada ya dhahabu kuonekana mwaka 1931, na London hisa za kampuni za Afrika Mashariki zikapata wanunuzi. Mojawapo ilikuwa Kentan Gold Areas, iliyokuwa na uhusiano na Tanganyika Concessions, kampuni ya Robert Williams, mtu aliyejipatia jina kwa shaba ya Katanga.

Kakamega inafaa kutazamwa kidogo, maana pale ndipo karatasi ilipoonekana waziwazi ikifanya kazi ya kupandisha bei. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji iliyoahidi kwamba ardhi ya Mwafrika ikitwaliwa, sharti apewe nyingine ya thamani ileile. Haikupita miaka mitatu. Desemba 1932, dhahabu ikiwa imeshajulikana iko wapi, sheria ikarekebishwa ili ardhi ya kuchimba itwaliwe bila kutoa ardhi badala yake. Kwa mnunuzi wa hisa aliyekuwa London, hilo lilikuwa punguzo la gharama. Kwa familia za Waluhya waliolima juu ya miamba ile, punguzo hilo lilikuwa ni shamba lao. Kila makisio ya bei ya mgodi ambao haujafunguliwa yana mstari kama huo uliofichwa: nani yuko juu ya ardhi, na atalipwa nini ili aondoke.

Geita yenyewe ilifunguka mwaka 1936 na kufungwa mwaka 1966. Katika miaka hiyo 30 ilitoa takriban wakia milioni moja kutoka chini ya ardhi, ikawa mgodi mkubwa kuliko yote ya dhahabu katika Tanganyika ya wakati wake. Ilifungwa dhahabu ikiwa bado imo. Bei ilikuwa imegandishwa kwenye dola 35 tangu 1934, huku mishahara, mafuta na vipuri vikipanda kila mwaka. Mtu aliyekuwa na hisa mwaka 1966 na kuzitupa hakuwa mjinga. Mtoto wake akizikuta kwenye sanduku mwaka 2000, mgodi mpya wa Geita ulipoanza uzalishaji, angeweza kumlaumu baba yake, na asingekuwa na haki ya kumlaumu. Mgodi huo mpya umekuwa ukitoa takribani wakia nusu milioni kwa mwaka mmoja, yaani nusu ya kile ambacho wazee walikitoa kwa miaka 30.

Tofauti kati ya baba na mtoto ni teknolojia, bei, na mtaji wa kusubiri.

Si mbali na mji wa Shinyanga kuna hadithi ya hisa za aina nyingine kabisa. Mjiolojia wa Kikanada, John Williamson, alikuta almasi Mwadui mwaka 1940 baada ya miaka ya kutafuta akiwa mgonjwa na mifuko mitupu. Aliyemshika mkono ni wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, aliyempa fedha na huduma za kisheria, naye akapata hisa. Chopra hakuwa na ripoti ya kijiolojia wala jedwali la riba. Alimpima mtu. Ni njia ya uthamini ambayo vitabu vya fedha haviitaji, lakini ndiyo inayotumika mpaka leo kwenye maduara: mwenye fedha huuliza huyu anayechimba ni nani, alishawahi kutoa wapi, na je, akitoa usiku atasema asubuhi? Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo warithi wake waliuza mgodi kwa De Beers na serikali ya kikoloni nusu kwa nusu. Chopra alikuwa amekisia vizuri.

Wengine walikisia vizuri wakaondoka mapema. Bulyanhulu ni mfano wake. Dhahabu ya pale ilijulikana katikati ya miaka ya 1970; STAMICO, shirika la madini la taifa, likafanya utafiti; wachimbaji wadogo wakajaa; kisha kampuni kubwa ya Kanada, Placer Dome, ikaingia, ikachoronga, ikapiga hesabu na kujiondoa mapema miaka ya 1990. Mwaka 1994 kampuni changa kutoka Vancouver, Sutton Resources, ikaichukua kupitia kampuni tanzu ya Kahama Mining, serikali ikibaki na asilimia 15. Jiwe ni lilelile, visima vya uchorongaji vya mwenzake vipo, ila sasa anayepiga hesabu ana njaa.

Hapa inafaa kusimama na kueleza hesabu zenyewe hupigwaje, maana ndizo zinazomchanganya mnunuzi wa hisa awe Vancouver au Kahama.

Njia ya haraka, na ya hatari, ni kuzidisha. Tuseme kampuni inasema ina wakia milioni moja ardhini, na dhahabu ni dola 2,000. Mtu anapata dola bilioni mbili, anagawa kwa hisa milioni 400, anapata dola tano kwa hisa. Sokoni hisa inauzwa senti kumi, naye anaona ameokota. Sasa tuirudie hesabu kama mthamini anavyoirudia. Wakia iliyoko ardhini haiuzwi kwa bei ya wakia iliyoyeyushwa. Itazamwe bei iliyolipwa kwa mali ya jirani inayofanana nayo. Tuseme jirani aliuza kwa dola 50 kwa kila wakia. Hiyo ni dola milioni 50. Serikali ya Tanzania, kwa sheria ya sasa, inachukua hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuchangia mtaji, na hisa hizo hazipunguzwi hata kampuni ikitoa hisa mpya. Zinabaki milioni 42. Kisha hisa hazibaki milioni 400. Wakurugenzi na waliokopesha wana haki ya kununua nyingine, tuseme milioni 100. Milioni 42 kwa hisa milioni 500 ni senti nane na ushee. Yule aliyeona ameokota kwa senti kumi kumbe amelanguliwa.

Na hizo wakia milioni moja, nani kasema? Makisio yana ngazi. Kuna rasilimali iliyokisiwa kutokana na visima vichache vilivyo mbalimbali, kuna iliyochorongwa kwa karibu zaidi, kuna iliyopimwa, na juu kabisa kuna akiba, yaani kile ambacho upembuzi umeonyesha kwamba kinaweza kuchimbwa kwa faida. Kampuni changa hupenda kuzijumlisha zote katika sentensi moja ya matangazo. Ngazi hizi zilipata meno ya kisheria Kanada mwaka 2001, na sababu yake ilitokea mbali, kwenye misitu ya Busang, Indonesia. Kampuni ya Bre-X ilidai kuwa na dhahabu nyingi kuliko karibu kila mtu duniani. Hisa yake ilipita dola 280 za Kanada mwaka 1996 na kampuni ikafikia thamani ya dola bilioni sita. Mwaka 1997 wachunguzi huru walichoronga upya pembeni ya visima vya zamani, wakakuta mawe matupu. Sampuli zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu kabla ya kwenda maabara. Ni ujanja uleule ambao bosi wa Mwakitolyo anauogopa anapoletewa jiwe lililokwisha kupondwa.

Baada ya Bre-X, kampuni changa zote zilinuka. Waliokuwa na dhahabu ya kweli Tanzania walijikuta wakiuza katika soko lililochoka kudanganywa, na bei ya dhahabu nayo ikishuka hadi karibu dola 252 kwa wakia mwezi Agosti 1999. Ni katika hali hiyo kampuni kubwa ya Kanada, Barrick, ilinunua Sutton mwaka 1999 kwa takriban dola milioni 280. Makisio ya Bulyanhulu wakati huo yalikuwa takriban wakia milioni 3.6, kwa hiyo, ukiacha pembeni mali nyingine za Sutton kama nikeli ya Kabanga, Barrick ililipa chini ya dola 80 kwa wakia. Haikupita miaka miwili makisio yakafika wakia milioni 10. Mnunuzi alipata zaidi ya nusu ya mgodi bure. Hakuna aliyemwibia mwenzake hapo kwa maana ya kawaida. Sutton ilikuwa na fedha za kuchoronga mpaka pale ilipofika, Barrick ilikuwa na za kuendelea.

Lakini bei ya Sutton ilibeba pia kitu kingine. Kabla ya kuuza, kampuni ilikuwa imetumia miaka miwili kugombana na maelfu ya wachimbaji wadogo waliokuwa Bulyanhulu kabla yake. Mwishoni mwa Julai 1996 serikali iliamuru waondoke, na Agosti mashimo yakafukiwa. Madai kwamba kuna watu waliofukiwa wakiwa hai yalifuata, serikali na kampuni zikayakanusha, na mjadala wake ulifika mpaka Washington, ambako shirika la Benki ya Dunia lilikuwa limeukatia mgodi bima ya dola milioni 172. Tundu Lissu, wakati huo mwanasheria kijana wa mazingira, alijulikana kimataifa kwa suala hilo. Mthamini wa hisa hawezi kusema hayo si yake. Eneo likiwa na watu, bei ni moja; likiwa limehamishwa watu, bei ni nyingine, na tofauti ya bei hizo mbili imeingia mfukoni mwa mtu.

Mauzo mengine ya miaka hiyo yanafundisha jambo dogo lakini lenye manufaa. Mwaka 1998 Ashanti Goldfields ya Ghana ililipa takriban dola milioni 135 kuinunua Samax, kampuni iliyokuwa na Kukuluma na Matandani. Peke yake, Kukuluma isingefikia bei hiyo. Ila Ashanti ilikuwa tayari imeshaishika Geita jirani kwa kuinunua Cluff Resources mwaka 1996, na kinu kimoja kingeweza kusaga mawe ya pande zote mbili. Jirani mwenye kinu hulipa zaidi kuliko mgeni mwenye ramani. Mnunuzi wa hisa za eneo lisilofunguliwa angefanya vizuri kuanza kwa kuuliza kinu cha karibu kiko wapi na ni cha nani.

Maswali ya bosi wa Mwakitolyo nayo yanaeleweka vizuri zaidi ukirudi chini kwenye maduara. Leseni ndogo ya uchimbaji, PML, hutolewa kwa Mtanzania tu na kwa dhahabu haizidi hekta 10. Ndani ya hekta hizo panaweza kuwa na maduara kadhaa, kila moja na mwenyewe. Mgao unaotajwa sana ni asilimia 30 kwa mwenye leseni, 40 kwa mwenye duara anayebeba gharama, na 30 kwa wachimbaji, ingawa kila mahali wana mapatano yao. Aliyeweka fedha katikati ya kazi anakula ndani ya fungu la mwenye duara, na gharama za mafuta, chakula na karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, hukatwa kwanza. Ndiyo maana bosi anauliza waliotangulia ni wangapi. Robo ya fungu la mwenye duara ni asilimia 10 tu ya mifuko yote, na hapo hata karasha haijalipwa.

Mgao wa duara hauna daftari la msajili. Ushahidi wake ni mashahidi waliokuwepo, na pengine karatasi ya daftari la shule iliyosainiwa. Maporomoko yakitokea, au mwenye leseni akibadilisha mawazo, au mfumuko, yaani habari ya dhahabu mpya, ukizuka kijiji cha pili na vijana wakahama usiku, karatasi hiyo inabaki kuwa karatasi. Kwa hatari hiyo wachimbaji wengi wamekuwa wakitafuta uhakika kwa waganga, na imani hiyo ilizaa unyama katika Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007, mauaji ya watu wenye ualbino yaliyohusishwa na tamaa ya utajiri wa haraka, migodini pia. Si kila aliyekwenda kwa mganga alikuwa muuaji. Ila soko ambalo hakuna njia ya bei nafuu ya kujua kilichoko chini litamwamini yeyote anayedai kujua.

Na juu ya ardhi kuna biashara inayoonyesha kuwa hata kile kinachojulikana kina bei mbili. Mawe yakishapita kwenye karasha na mwalo wa kuoshea, zebaki ikishakusanya dhahabu inayoshikika na kukamuliwa kwenye kitambaa, mchanga unaobaki huitwa marudio. Mchimbaji kwa kawaida hana sianidi wala matangi, kwa hiyo kwake marudio ni mchanga. Mwenye plenti, yaani mtambo wa sianidi, hununua rundo lile, huchukua sampuli, huipeleka maabara, na hujua ndani yake kuna gramu ngapi kwa tani. Muuzaji akikisia kwa jicho na mnunuzi akipima kwa maabara, mpatano wa bei huisha haraka. Kwenye migodi mikubwa mambo ni hayohayo kwa vipimo vikubwa. Nyanzaga, katika wilaya ya Sengerema, akiba yake ilihesabiwa mwaka 2025 kuwa na wastani wa gramu 1.4 kwa tani. Mwanaduara angelitazama jiwe hilo na kulitupa.

Kabla ya kufika Nyanzaga, karatasi kwanza. Kwa miaka mingi sheria iliruhusu leseni ya kuhodhi: kampuni iliyopata madini lakini ikaona bei haifai, ilishikilia eneo ikisubiri. Kwa mwenye hisa, leseni hiyo ndiyo iliyokuwa thamani yote. Madini yapo, makisio yapo, kilichobaki ni subira. Julai 2017 Bunge lilibadilisha sheria ya madini, na kanuni za Januari 2018 zikafuta leseni za kuhodhi zote. Usiku mmoja hisa za kampuni hizo zikawa hisa za ripoti ya kijiolojia bila ardhi. Si kwamba serikali haikuwa na hoja: kulikuwa na maeneo yaliyokaliwa miaka na miaka bila kuchimbwa huku vijana wa jirani wakifukuzwa kwa kuingia bila kibali. Kampuni zilikimbilia usuluhishi wa kimataifa. Waliokuwa na nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea, walipewa tuzo ya zaidi ya dola milioni 109 pamoja na riba mwaka 2023, na mwaka uliofuata wakapatana kwa milioni 90. Kampuni ya Winshear, iliyokuwa na leseni ya dhahabu, ilimaliza kwa milioni 30. Hapo bei ya madini ya Tanzania ambayo hayajachimbwa ilikuwa imeamuliwa na wasuluhishi badala ya soko.

Wananchi wa kawaida nao waliwahi kualikwa kwenye mchezo huu, ingawa si kwa dhahabu. Mwaka 2014 Swala, kampuni ya kutafuta mafuta, iliuza hisa kwa umma Dar es Salaam kwa shilingi 500 kila moja. Ilikuwa na leseni za utafutaji, haikuwa na kisima. Uchorongaji wa Kito, kisima kilichosubiriwa kwa hamu, uliahirishwa na kuahirishwa tena, na hisa ikabaki na watu. Mnunuzi wa shilingi 500 alikuwa amenunua pamba ambayo haijapandwa, na wengi walidhani wamenunua iliyokwisha kuvunwa.

Sasa Nyanzaga. Eneo hili limepita mikononi mwa kampuni kadhaa, kampuni ya dhahabu ya Acacia ikiwamo, kabla ya kufika kwa OreCorp ya Perth, iliyoanza kuingia kwa makubaliano ya mwaka 2015. Desemba 2021 serikali ilitia saini mkataba na leseni maalumu ikatolewa, chini ya kampuni ya ubia ya Sotta: asilimia 84 kwa OreCorp, 16 kwa serikali. Mwaka 2022 upembuzi yakinifu ulitolewa. Ulisema mradi una thamani ya sasa ya dola milioni 618, kwa dhahabu ya dola 1,750, na kwamba ujenzi utahitaji dola milioni 474.

Agosti 2023 Silvercorp, kampuni ya Kanada yenye migodi ya fedha China, ilitaka kuinunua OreCorp kwa mchanganyiko wa fedha taslimu na hisa zake. Perseus ya Australia ikaanza kununua hisa sokoni, na Januari 2024 ikaweka dau lake la taslimu, ikalipandisha hadi senti 57.5 za Australia kwa hisa, na ikashinda. Jumla yake ilikuwa kama dola milioni 180 za Marekani.

Kwa nini mali iliyoandikwa milioni 618 iuzwe kwa chini ya theluthi? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye riba ya kupunguza, yaani kiwango cha kuigeuza fedha ya baadaye iwe thamani ya leo. OreCorp ilitumia asilimia 5 kwa mwaka. Shilingi milioni moja itakayopatikana baada ya miaka 10, ukiipunguza kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, leo ni kama 614,000. Kwa riba ya asilimia 10, ni kama 386,000. Anayechagua riba amechagua jibu. Pili, OreCorp haikuwa na milioni 474. Kuzipata kungemaanisha kukopa na kutoa hisa mpya kwa mamilioni, na kila hisa mpya inamega zilizopo. Tatu, watu wa vijiji vya eneo hilo walipaswa kuhamishwa na kulipwa, kazi ambayo haina tarehe ya uhakika. Perseus ilipotoa upembuzi wake Aprili 2025 ilitumia asilimia 10 na dhahabu ya dola 2,100; thamani baada ya kodi ikawa dola milioni 202, gharama ya ujenzi ikapanda hadi milioni 523, na akiba ikahesabiwa wakia milioni 2.3. Hizo milioni 202 na bei iliyolipwa zinakaribiana mno. Wale waliouza kwa senti 57.5 hawakupunjwa kwa hesabu za siku ile.

Ila siku zikapita. Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia, karibu mara mbili ya bei iliyowekwa kwenye upembuzi wa miezi sita tu nyuma, na dhahabu ya kwanza ya Nyanzaga ilipangwa kutoka mapema mwaka 2027. Wenye hisa wa OreCorp waliochukua taslimu hawamo tena kwenye hesabu hiyo. Serikali imo kwa hisa zake zisizochangia ujenzi, na mrahaba utakatwa kwenye kila wakia itakayouzwa, iwe mgodi umepata faida au haujapata.